Mfungo Wangu wa Kathonzweni

Sababu ya safari hii ni mdomo wangu. Jumapili moja baada ya ibada, kanisani kwetu Tulia, kule Kitui, nilisimama kwa mkutano wa vijana nikasema Wakristo wa hapa wanaimba kitu kimoja na wanaishi kitu kingine. Nikatoa mifano. Nikasema kuna watu wa kwaya wanaanza kusengenya kabla hata hawajavua kanzu. Nikasema kuna mzee wa kanisa anatafuna muguka, ile miraa ya majani, nyuma ya duka Jumamosi, halafu Jumapili anatafuna peremende ndiyo tusinuse. Yote hayo nilisoma kutoka kwa daftari, na majina nilitaja herufi ya kwanza tu. Lakini Tulia ni soko dogo. Herufi ya kwanza inatosha kabisa.

Mchungaji wetu ni mtu mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga macho kidogo, akasema, "Mwende, hilo neno ni zito. Kuna kanisa la wenzetu kule Kathonzweni, wanatafuta mtu wa kuhubiria vijana wao. Enda wewe."

Nikaona nimeinuliwa. Mimi, katibu wa vijana, Form Four nimemaliza mwaka juzi, kazi yangu ni kumsaidia mama kuuza nguo za mitumba, leo natumwa Makueni! Nilikuja kujua baadaye kwamba watu watano walikuwa wameombwa kabla yangu wakakataa, na kwamba Mchungaji alimwambia mama yangu, "Angalau Jumapili moja tutapumzika." Lakini siku ya kuondoka sikujua hayo.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, Tulia. Nilikuwa nimesukwa nywele jana yake. Nilivaa viatu vyeupe. Kwa mfuko nilikuwa na Biblia, nguo mbili, na mahubiri yenye kichwa "Ishi Unachokiri", pointi tatu, na kila pointi ina pointi ndogo tatu. Mama alinifuata mpaka barabarani na kikombe cha chai.

"Mwende, kunywa kwanza."

"Nitakunywa njiani, mama. Nimechelewa."

"Umechelewa wapi na gari bado haijafika?"

Gari ilikuwa pikapu ya Abdi, mtu wa mbuzi. Watu wa kwao walitoka upande wa Garissa lakini yeye anaishi Kitui mjini na familia yake, na kila Alhamisi anapeleka mbuzi soko la Emali, Jumatatu anarudi. Mama alikuwa amemuuzia beberu, ndiyo akakubali kunibeba mbele mpaka mji wa Wote bila shida. Beberu wetu alikuwa nyuma na wenzake. Nilimwona akiniangalia.

Kutoka Kitui mjini mpaka tumepita Kwa Vonza, nilimweleza Abdi mahubiri yangu. Pointi zote tisa. Alinisikiliza huku akiangalia barabara, na pale nilimaliza akasema, "Ni kitu mzuri. Na wewe hizo tisa unafanya ngapi?"

"Mimi ndiye nafundisha," nikamwambia.

"Ahaa," akasema, na hakuuliza tena.

Saa nne, Machakos. Tuliingia hoteli ndogo karibu na steji. Abdi aliniagizia chai na chapati mbili, yeye akakaa tu. Mama wa hoteli akamuuliza, "Na wewe, baba?" Abdi akajibu polepole, kama mtu anasema ameacha koti nyumbani, "Leo nimefunga." Yule mama, ambaye dakika moja kabla alikuwa anagombana na kila mtu kuhusu vikombe, alishusha sauti. Akapangusa meza yetu mara mbili. Akamwambia, "Mungu akusaidie, baba." Mimi nilikuwa na chapati mdomoni. Nilifikiri: neno moja tu, na heshima yote hiyo! Sikuandika kwa daftari, lakini niliweka kichwani. Huko ndiko shida yangu ilianzia.

Saa saba kasoro, Wote. Kabla anishushe, Abdi alisimamisha gari karibu na msikiti, akachukua birika la maji, akaanza kuosha miguu. Nikaangalia simu.

"Abdi, tutachelewa."

"Wewe unachelewa kuenda kufanya nini?"

"Kuenda kuambia watu waishi imani yao."

Alicheka mpaka akamwaga maji. Halafu akaingia kuomba. Mimi na mbuzi tukamngoja kwa jua, na nitasema ukweli, mbuzi walingoja vizuri kuliko mimi.

Saa tisa, Kathonzweni. Boda ilinipeleka kutoka soko mpaka nyumba ya mwenyeji wangu, nikafika na harufu ya beberu nywele zote. Mwenyeji alikuwa mama mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye haraka, anaitwa Ndunge. Kila mtu pale alimwita Mwaitu, yaani mama, na mimi nikamwita hivyo. Anaishi na mke wa mtoto wake, Kavata, ambaye bwanake anafanya kazi Mombasa. Kavata alikuwa na mtoto mgongoni na kuku mkononi, amemshika miguu, kichwa chini. Nikajua huyo kuku ni wangu.

Mwaitu alininawisha mikono, akanikalisha kwa kiti chenye kitambaa, akauliza habari za Tulia, za mama, za Mchungaji. Halafu akaniambia programu.

"Kesho na Jumamosi tuko na mwethya hapa kwangu."

Mwethya ni kikundi cha kazi. Hata kwetu Kitui tuko nayo. Watu wanaungana, leo wanalima kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na hakuna kulipana. Ya hapa ilikuwa ya kanisa, na zamu ilikuwa imefika kwa Mwaitu. Shamba lake limelala kwa mteremko, na kabla mvua ianze alitaka kuchimbiwa mtaro wa fanya juu, ule ambao unachimba na kurusha udongo upande wa juu ndiyo maji yasiteremke na shamba.

"Mwaitu, na mkutano wa vijana?"

"Hao vijana ndio watachimba. Hapa kwetu mhubiri anachimba na watu kwanza. Jumapili ndiyo tunamsikia vizuri."

Niliangalia viatu vyangu vyeupe. Niliangalia kucha zangu. Hiyo siyo ile safari nilikuwa nimetumwa, au niseme siyo ile nilikuwa nimejituma. Na mdomo wangu, ule ule wa Tulia, ukafunguka.

"Ningechimba sana, Mwaitu. Lakini nimefunga."

Nyumba ikanyamaza. Ilikuwa kama ile hoteli ya Machakos. Nilisikia raha fulani hivi ikipanda shingoni.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu leo asubuhi." Chapati mbili, chai, na ndizi nilikula nikimngoja Abdi.

"Mpaka lini?"

"Jumapili baada ya ibada. Maji tu." Nilichagua Jumapili kwa sababu ilikuwa siku ya kwanza isiyo na kuchimba.

Mwaitu alinishika mkono na mikono yake yote miwili. Akasema, "Basi tutafunga pamoja. Kwa hii nyumba mgeni wa Mungu hajawahi kufunga peke yake. Hata bwanangu akiwa hai ilikuwa hivyo. Mgeni akifungua, tunafungua."

Kavata alimwangalia kuku. Akaniangalia mimi. Akasema, "Mimi nanyonyesha, mtanisamehe," halafu akafungua mkono. Kuku akaanguka, akajitikisa, akaenda zake. Nilimfuata na macho mpaka akapotea kwa mihogo.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, shambani. Walikuja kama watu ishirini, vijana na wamama, na mwenyekiti wao mzee Kilonzo, ambaye anachimba akiwa na kofia ya kanisani. Habari yangu ilikuwa imenitangulia. Waliweka kiti changu kando ya tangi la maji, kwa kivuli, na kila mtu akipita ananisalimia kwa sauti ya chini kama niko kwa kitanda cha hospitali. Msichana mmoja rika yangu aliniambia, "Mungu akutie nguvu, Mhubiri," na jasho lake likadondoka kwa kiatu changu.

Walichimba wakiimba. Mwaitu alichimba pia, mwenye shamba hawezi kukaa. Saa nne Kavata akaleta uji kwa ndoo, wakapewa wote, kikombe kikazunguka, kikampita Mwaitu, kikanipita mimi. Mwaitu alinitabasamia kutoka huko mbali, kama watu wawili wenye siri nzuri. Nikafungua Biblia nikaangalia ukurasa. Sijui ilikuwa kitabu gani.

Saa sita nilishindwa. Nikasimama, nikaambia mwenyekiti, "Naenda kuomba mahali peke yangu."

"Enda, enda," akasema, na akawakemea wale waliokuwa wanaongea njiani. "Mpisheni!"

Soko ni mwendo wa dakika ishirini. Nilitumia kumi na mbili. Nilinunua mandazi sita na soda ya chupa ya plastiki, nikaenda nyuma ya posho mill, pale wanasaga mahindi, nikakula nimesimama, nimeangalia ukuta. Na kitu kinaniuma mpaka leo ni hiki: kabla nikule, nilifunga macho nikabariki chakula. Kwa sauti. Mazoea. Nilikuwa naiba mfungo wa mtu huku nashukuru.

Mandazi mbili zilibaki, na soda nusu. Nikaziweka kwa mfuko chini ya Biblia, nikarudi nikitembea polepole kama mtu ametoka mlimani. Kavata alikuwa anafua. Aliniangalia kutoka kichwani, penye unga wa posho mill, mpaka kwa ile Biblia nilikuwa nimeitoa niibebe mkononi.

"Mhubiri," akasema, "hiyo Biblia yako imepakwa mafuta?"

Nikaangalia. Kidole changu chote kilikuwa kimejichora kwa jalada. Nikasema ni mafuta ya nywele. Akasema, "Ni mzuri. Inanukia iliki." Akaendelea kufua.

Jumamosi, saa moja asubuhi, kwa tangi la maji. Kavata alinifuata pale nilikuwa naosha uso. Sasa hakuwa na mzaha.

"Unajua Mwaitu ana ugonjwa wa sukari?"

Sikujua.

"Dawa anameza. Anasema dawa siyo chakula, na maji hayavunji mfungo. Lakini daktari alimwambia asimeze bila kula. Mimi nimeongea, ananiambia mimi ni mtoto wa juzi. Wewe atakusikia. Mwambie."

Mtu mzima angesema ukweli hapo hapo kwa tangi. Mimi nilienda kwa Mwaitu, nikamkuta anafunga kitambaa kichwani tayari kwa kazi, nikaweka sauti yangu ya mimbari.

"Mwaitu, Mungu amenionyesha tufungue leo."

Alinitazama kwa upole kabisa. "Mimi hajanionyesha. Ulimwahidi Jumapili, mwanangu. Hiyo ni njaa inakuongelesha. Nitakuombea."

Akaniombea. Pale pale, ameweka mkono kwa nywele zangu za kusukwa, aliomba Mungu anipe nguvu nisivunje ahadi. Nikasema amina. Halafu nikajiambia, mtu akikataa amekataa, mimi nimefanya yangu. Nikaenda kukaa kwa kiti changu.

Saa tano. Nilikuwa naangalia jembe la Mwaitu, kwa sababu lilikuwa linashuka polepole kuliko ya wengine. Likashuka, halikupanda. Alilishikilia kama fimbo. Halafu akakaa chini kwa mtaro, na tulipomfikia alikuwa anatetemeka mikono, jasho limemtoka usoni na ni jasho baridi, na akiongea maneno yanagongana.

"Sukari imeshuka!" Kavata akapiga kelele. "Nani ako na kitu tamu? Soda, sukari, pipi, kitu yoyote!"

Watu wakajipapasa mifuko. Siku hiyo uji ulikuwa umechelewa, bado haujaletwa. Nyumba iko juu ya mteremko, na mzee Kilonzo akaambia kijana mmoja akimbie.

Mimi nilikuwa na mfuko begani. Ndani kulikuwa na soda nusu.

Nitaandika venye ilikuwa, kwa sababu kama nitaficha hapa sitakuwa nimejifunza kitu. Nilipiga hesabu. Nilipima na macho kutoka hapo mpaka kwa nyumba, nikaona yule kijana ako na miguu mirefu, nikafikiri pengine dakika nane kuenda na kurudi, na pengine Mwaitu anaweza kungoja dakika nane, na hakuna mtu atajua. Nilifikiri hivyo nikimwangalia akitetemeka. Sijui ni muda gani. Kavata anasema haukuwa mrefu. Mimi najua ulikuwa mrefu.

Kisha kichwa cha Mwaitu kikalala kwa bega la Kavata, na mkono wangu ukaingia kwa mfuko. Nikatoa soda. Mandazi moja ikatoka nayo, ikaanguka kwa udongo mbele ya watu ishirini.

Nilipiga magoti nikamwekea chupa mdomoni. Akafunga midomo. Alikuwa hajiwezi, lakini alifunga.

"Bado," akasema. "Mgeni hajafungua."

"Mwaitu, kunywa."

"Mgeni..."

"Mwaitu, mimi sijafunga! Sijafunga hata siku moja. Nilisema hivyo juu sikutaka kuchimba. Jana nilikula mandazi nyuma ya posho mill. Hii soda ni yangu, nimekunywa nusu. Kunywa, tafadhali, hakuna mfungo hapa, hakujawahi kuwa na mfungo."

Sauti yangu ilienda mpaka kwa jirani. Mwaitu alifungua macho akaniangalia, na hapo ndipo akafungua mdomo. Akanywa. Nilimshikia chupa na mikono yote miwili mpaka ikaisha.

Ilichukua muda kidogo. Kijana akafika na sukari, Kavata akamkorogea kwa maji, halafu uji ukaja. Rangi ikamrudi. Watu walisimama tu, hawajui waangalie wapi, na yule msichana rika yangu aliyeniombea nguvu alikuwa anaangalia ile mandazi kwa udongo kama nyoka.

Mwaitu alimaliza uji wote. Akapangusa mdomo na leso.

"Kwa hivyo," akasema, "mimi nimeshinda njaa tangu juzi nikisaidia uvivu wako."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Na asubuhi nilikuombea."

"Ndiyo."

"Na ukasema amina."

Mzee Kilonzo alianza kusema, "Mama, mtoto amekosea, tumsamehe..." Mwaitu akamkata.

"Nitamsamehe. Nani amesema sitamsamehe? Lakini kwanza avue hivyo viatu." Akanisukumia jembe lake na mguu. "Shika."

Jumamosi, saa sita mpaka saa kumi na moja. Nilichimba miguu mitupu. Mwaitu alikaa kwa kiti changu kando ya tangi, na Kavata akimletea chakula kila saa kama mfalme. Nilipewa sehemu yangu ya mtaro, hatua kama kumi. Hatua tatu za kwanza nilirusha udongo upande wa chini, kwa sababu ni rahisi, unaanguka wenyewe. Wamama wakacheka mpaka wakashikilia majembe.

"Mhubiri! Hiyo ni fanya chini!"

"Muache, yeye amezoea kinyume!"

Mzee Kilonzo alinionyesha, akaniambia nirudishe udongo wote juu, nishindilie vizuri kwa mguu. Mikono ilikuwa imetoka malengelenge na mengine yamepasuka. Nilirudisha wa juu juu, ule unaoonekana, nikapapasa na jembe ukakaa sawa. Akauliza kutoka huko mbali, "Umerekebisha?" Nikajibu, "Nimerekebisha." Masaa machache tu baada ya ile soda. Mniangalie vizuri.

Jumapili, saa moja asubuhi. Mwaitu aliniwekea mbele viazi vitamu, mayai mawili, na chai ya maziwa. Akavuta kiti akakaa tukiangaliana.

"Kula."

Nikala.

"Fungua mdomo nione."

Nikafungua. Kavata alicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Na ikawa hivyo kila chakula mpaka niliondoka: Mwaitu anakaa mbele yangu, na yeye anakula, na mimi nakula, na hakuna mtu anaachia mwingine.

Saa nne, kanisani. Nilitaka niambiwe nisihubiri. Nilimwomba mzee Kilonzo. Akasema, "Hapana. Sisi tumechimba siku mbili. Tunataka neno letu." Kwa hivyo nilisimama na zile karatasi za pointi tisa, na mikono imefungwa vitambaa, na kila mtu mle ndani ameshajua habari, hata wale wa kutoka ng'ambo ya mto. Nikasoma kichwa: "Ishi Unachokiri." Nyuma kabisa mtu akakohoa. Nikaanza pointi ya kwanza, nikaona haiendi. Nikakunja karatasi.

Niliwaambia nilikuwa nimekuja kuwafundisha kitu, na wao walikuwa wanakifanya kabla nifike, na mtu aliyekifanya zaidi nusura nimmalize. Nikasema kule kwetu niko na daftari ya makosa ya watu. Nikaomba msamaha, kwa Mwaitu kwanza, halafu kwa yule msichana, halafu kwa wote. Dakika nne. Mwaitu alikuwa safu ya pili. Alisema amina moja, ya kawaida. Halafu tukaimba.

Jumatatu asubuhi, kuondoka. Kwa mlango Mwaitu alinipa ndengu kilo mbili za mama yangu, na kifurushi cha gazeti chenye joto.

"Hii ni nini, Mwaitu?"

"Mandazi. Za kuombea njiani."

Kavata alijitupa chini kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi, na nikicheka nikalia kidogo, na Mwaitu akanipiga begani kama mtu anatoa vumbi.

Wote, saa tano. Abdi alikuwa anarudi na pikapu tupu. Aliniuliza, "Uliwafundisha?" Nikamweleza yote, mpaka ile chapati ya Machakos na venye nilimwibia neno lake. Alibadilisha gia. Halafu akasema, "Mimi sikusema vile ndiyo yule mama apanguse meza. Nilisema vile ndiyo asilete chai." Nikamkaribisha mandazi. Akakataa, Jumatatu pia anafunga. Nikakula zangu nikiangalia mbele, na niliacha mbili kwa gazeti za yeye kufungulia jioni.

Tulia. Jumapili iliyofuata nilitoa ripoti kwa vijana. Sikutoa herufi ya kwanza. Nilitaja jina langu lote. Watu wa kwaya walifurahi kuliko inavyotakiwa, na yule mzee wa muguka aliniletea peremende. Ile daftari nilimpa mama, anaandikia hesabu za mitumba nyuma.

Nilidhani safari imeisha hapo. Halafu mvua ikaanza. Wiki ya pili Kavata alinitumia picha kwa simu: mtaro wa Mwaitu, umejaa maji kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, unang'aa, isipokuwa mahali pamoja. Hapo udongo umekatika, hatua tatu hivi, maji yamepita na kuteremka na mahindi yaliyokuwa yameota chini. Chini ya picha ameandika: "Hapo ni kwa Mhubiri."

Nilikaa na hiyo picha siku nzima. Nilikuwa nimesema ukweli mbele ya watu ishirini, na nikaomba msamaha kanisani, na nikalia kwa mlango. Na udongo ulikuwa bado uko chini.

Jioni nilienda kwa Mchungaji nikamwambia nataka kurudi Kathonzweni. Akauliza, kwa uoga kidogo, "Kuhubiri nini?" Nikamwambia siendi kuhubiri. Naenda kurudisha udongo juu, na kushindilia kwa mguu, na kupanda tena ile mahindi. Akaniangalia, akasema nichukue jembe lake, ni zuri kuliko letu.

Halafu nikampigia Mwaitu. Nilimwambia ile siku nilisema nimerekebisha na sikuwa nimerekebisha. Akasema, "Najua. Nilikuwa nimekaa kwa kiti, unafikiri nilikuwa naangalia nini?" Nikamuuliza kama naweza kuja Alhamisi.

"Kuja," akasema. "Lakini kabla utoke kwenu, kunywa chai ya mama yako."